Wingu Nililolifuta kwa Mafuta ya Taa

Juzi mkwe wangu alikuwa anapaka rangi geti letu hapa Chanika, rangi ya mafuta, ya buluu. Mie nimekaa uani nachambua mchicha. Harufu ikaja ikanishika pua. Nikaacha mchicha kwenye ungo, nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikaenda kusimama pale getini kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi. Mkwe akadhani nimekuja kukagua, akaanza kujitetea: "Mama, hapa chini bado, nitarudia mara ya pili." Nikamwambia paka baba, mie sina neno na kazi yako. Sikuwa natazama geti. Nilikuwa nanusa mbingu.

Msinicheke. Kila mtu ana harufu ya utoto wake. Kuna wenzangu wakisikia karafuu wanamwona mama yao, wengine wakipata moshi wa kuni mbichi machozi yanawatoka, na si moshi unaowaliza. Mie ni rangi ya mafuta. Mbingu ya kwanza niliyoijua vizuri, kona kwa kona kama mtu anavyoujua mwili wake, ilikuwa ya mafuta, imepakwa juu ya kipande cha hadibodi, haizidi ukubwa wa kiti cha mbuzi ya kukunia nazi. Ilitundikwa chumbani kwa bibi yangu, Buguruni. Picha yenyewe haipo tena, mchwa waliila zamani pamoja na ukuta ulioishika. Lakini nikifumba macho naiona.

Bibi yangu, mzaa mama, akiitwa Bi Sikudhani. Nyumba ilikuwa yake: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Mtaa wetu ulikuwa upande ule unaoteremkia bonde la Msimbazi, na wanawake karibu wote walikuwa na vijaruba vyao vya mpunga kule bondeni. Sasa, mpunga ukishavunwa lazima uanikwe ukauke, ndiyo utwangwe. Na nyie mnaijua mvua ya mchoo, ile inayokuja masika imeshapita na watu wameshasahau miavuli. Haina adabu. Jua linawaka, mara pwaa! Mpunga ukilowa majamvini ndiyo basi tena, unavunda, na ukiutwanga unakatika chenga tupu.

Hapo ndipo Bibi alipokuwa mtu. Bibi alikuwa anaisoma mbingu. Shule hakukanyaga hata siku moja, jina lake hakujua kuliandika, lakini alfajiri akishasali alitoka barazani, akatazama upande wa baharini, akatazama upande wa Pugu, akaupokea upepo kwa shavu, halafu akasema neno moja. "Anikeni." Au: "Kaeni nao ndani." Basi. Mtaa mzima ulingoja neno hilo. Siku hizi wajukuu zangu wanaiulizaga simu kama mvua itanyesha, simu inawadanganya mchana kweupe, na kesho wanaiuliza tena. Bibi angekosea mara moja tu angetungiwa wimbo.

Mwaka ninaousema Bibi alianguka bafuni. Kateleza kwenye povu la sabuni, paja likavunjika. Hospitali wakamfunga hogo la chokaa toka nyonga mpaka karibu na vidole, akalala nalo miezi, likakatwa. Daktari akamwambia mfupa umeunga, sasa mama tembea. Bibi akasema ahsante mwanangu, akarudishwa nyumbani, akapanda kitandani, hakushuka. Na hiyo ndiyo shida nzima ya habari hii: Bibi hakutaka kuinuka.

Mama alimbembeleza. Akamgombeza. Akalia.

"Mama, mfupa umeunga. Daktari kasema utembee."

"Atembee yeye."

"Sasa utalala mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

Aliogopa, ndiyo ukweli wake. Mwanamke yule aliyemfukuza chatu bandani kwa mchi wa kutwangia aliogopa sakafu. Lakini nani angemwambia? Mama alikuwa akininong'oneza jikoni kwamba mtu mzima akikizoea kitanda, kitanda nacho kinamzoea, hakimwachii. Mie nilikuwa mtoto wa miaka minane, nikawa naingia chumbani naangalia kama kile kitanda kina mikono.

Kitu kimoja tu Bibi alikilalamikia, wala si mguu. "Nimechoka kutazama boriti," alisema. Chumba chake hakikuwa na dirisha la maana. Kulikuwa na kitundu kilichotazama ukuta wa jirani, ukitoa mkono unaugusa.

Chumba cha kuelekeana naye alipanga Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mfupi, mwembamba, kucha zake zina rangi tano. Kazi yake kuandika mabango na kuchora kwenye kuta za maduka. Ukitaka kikombe cha chai kinachotoa moshi, kichwa cha simba, kinyozi na wembe wake, unamwita yeye. Na kwa kuwa Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani tangu mababu, yeye na Bibi hawakuweza kupishana bila kutukanana. Kila asubuhi alisimama mlangoni.

"Mzaramo, bado umelala? Mpaka upigiwe ngoma ndiyo uamke?"

"Mnyamwezi, we beba mizigo yako upite. Usinifungulie mdomo asubuhi asubuhi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu akupunguzie ujinga."

Siku aliposikia habari ya boriti hakutania. Aliondoka zake. Jioni nikamkuta chumbani kwake kakaa chini, mlango wazi, kaweka hadibodi magotini, kazungukwa na makopo ya makombo ya rangi, nyeupe ya duka la nyama, buluu ya kinyozi, kijivu kakichanganya mwenyewe. Nikasimama namwangalia. Anapaka mawingu. Anapaka mawingu mengine. Nikangoja afike chini aanze vitu vya maana.

"Fundi, nyumba utaziweka wapi?"

"Hakuna nyumba."

"Mnazi je?"

"Hakuna mnazi."

"Hata kunguru mmoja?"

"We mtoto, hii mbingu hii. Nenda kaoshe vyombo."

Nikaenda kumwambia Mama kwamba Fundi Maganga maskini rangi zimemwishia, kachora juu tu, chini hakufika.

Akaileta kwa Bibi imelowa vilevile, kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Bibi akaitazama. Akaitazama tena. Sie wote tumesimama, Mama na kitambaa chake, mie nimejishika mlango. Bibi akasema:

"Hii mbingu ya wapi?"

"Ya hapa hapa, mama."

"Ya hapa hapa! Hii ya Tabora hii. Mbingu yenu iko juu mno, ndiyo maana mnatembea mmeinamisha vichwa. Ya kwetu iko hapa, ukinyoosha mchi unaigusa. Ishushe."

Fundi akaishusha. Kesho yake akaambiwa wingu la huku halina tumbo, litie tumbo. Keshokutwa hili limenenepa mno, limekuwa mke wa tajiri, lipunguze. Basi ikawa kila jioni Fundi anaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, brashi mkononi, Bibi anaamuru, wanatukanana, rangi inanuka mpaka wali ukawa na ladha yake. Ilichukua wiki mbili. Mwishowe picha ikawa na mawingu matatu makubwa, na Bibi aliyapa majina. Juu kulikuwa na ukili, yale membamba marefu kama milala unayosukia mkeka. Kati kulikuwa na sufi, yale yaliyovimba meupe kama sufi iliyotoka kwenye mto. Na chini kulia, upande wa baharini, alikuwapo mjamzito: zito, la kijivu, tumbo limeshuka. Huyo ndiye mwenye mvua. Huyo ndiye aliyeongezewa rangi mara nyingi kuliko wote, kwa sababu kila siku Bibi alisema bado hajatimiza miezi.

Siku moja alfajiri Bibi akaniita. Mie alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyoita wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu, toka nje utazame upande wa baharini. Halafu uje unionyeshe hapa pichani ni lipi uliloliona."

Akanipa chelewa moja ya ufagio niwe naonyeshea, maana rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho, na kidole changu kilishaacha alama kwenye sufi. Nikatoka, nikatazama, nikarudi mbio, nikagusa kwa chelewa: ukili. Na hapa chini sufi kidogo.

"Mjamzito?"

"Hayupo."

"Upepo?"

"Unatoka huku."

"Kasimame barazani uwaambie waanike."

Jamani. Nyie mnajua ilivyo kuwa mtoto wa kike wa miaka minane katika nyumba ya watu kumi na tano. Hakuna anayekusikiliza isipokuwa unapovunja kitu. Na mie nikasimama barazani, tongo za usingizi machoni, miguu ina vumbi, nikapaza sauti: "Bibi kasema anikeni!" Na wanawake wazima, wenye wajukuu, wakakunjua majamvi. Nilihisi nimerefuka. Toka siku hiyo kila alfajiri nilikuwa naamka mwenyewe bila kuitwa. Nikipita mtaani na ndoo naulizwa, "Tabu, Bibi kasemaje?" nami nilikuwa nanyamaza kidogo kwanza, makusudi, ndiyo nijibu.

Bibi naye akachangamka. Akala. Akaomba nywele zake zisukwe. Lakini hakushuka. Na hapo Mama akaona kitu ambacho sie wengine hatukukiona. Nilimsikia ukumbini anamsemesha Fundi Maganga kwa sauti ile ya kubana meno.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena, Mama Tabu?"

"Mtu alikuwa anakosa mbingu. Ile hamu ndiyo ingemwinua. Wewe umemletea mbingu kitandani, sasa atainukia nini?"

Fundi akasema, "Mama Tabu, mie nilidhani nambebea dawa."

"Umembebea godoro la pili."

Nilisimama nyuma ya pipa la maji nasikia yote. Na niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu. Nilimwomba Mungu Bibi asiinuke upesi. Akiinuka atatazama mwenyewe, na mie nitarudi kuwa wa kuosha vyombo. Mungu anisamehe. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na nilitaka alale pale pale.

Sasa kulikuwa na jirani yetu, Bi Chausiku, mwanamke mnene mwenye ulimi kama wembe mpya. Binti yake alikuwa mwali ndani, na wiki ile alikuwa anatolewa. Ngoma Jumamosi, watu watatoka mpaka Kisarawe. Mpunga wa shughuli, magunia mawili, ulikuwa uanikwe Alhamisi, utwangwe Ijumaa. Mie nilishaahidiwa kubeba mwavuli wa mwali, na gauni la kitambaa cha maua lilishashonwa. Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha.

Alhamisi alfajiri nikatoka barazani, nikatazama upande wa baharini. Yule pale. Mjamzito. Zito, la kijivu, tumbo chini, sawasawa na alivyochora Fundi.

Nikarudi ndani polepole. Bibi alikuwa kasinzia, tasbihi kifuani. Nikaitazama picha. Mjamzito alikuwapo pale kona ya chini, bado anang'aa, maana juzi yake tu aliongezewa tumbo.

Watu wazima hudhani mtoto anaamini mambo kwa upumbavu. Si upumbavu, ni hesabu. Mie nilishaona wiki ngapi: naonyesha hapa kwa chelewa, Bibi anasema, na nje inakuwa. Ningekataa vipi kwamba nje inafuata ndani? Kwa hesabu yangu mjamzito asipokuwapo pichani hana pa kukaa. Na nilishamwona Fundi akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. Basi nikachukua koroboi, nikamimina kidogo kwenye kitambaa, nikapanda kigoda, nikamfuta. Alitoka kama uji. Pakabaki peupe-buluu, pamepakaa-pakaa, safi. Nikatoka nje kutazama. Mjamzito wa baharini bado yupo. Nikajiambia habari hazijamfikia, bahari iko mbali, zitamfikia tu.

Bibi akaamka. "Mke mwenzangu, kuna nini leo?"

"Ukili na sufi."

"Mjamzito?"

Nikamwonyesha picha kwa chelewa. "Hayupo."

Chumba kile giza, macho yake yalishapungua, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwapo siku zote. Hakugundua. Aliniamini. Naapa sikujua kwamba nasema uongo. Nilipofuta niliamini nimefuta.

"Kawaambie waanike."

Nikaenda barazani, nikapaza sauti kuliko siku zote. Bi Chausiku akaniitikia kwa kigelegele, akamwaga magunia yote mawili kwenye majamvi, na mtaa mzima ukamwaga. Toka kwetu mpaka kisimani ulikuwa mpunga mtupu, dhahabu tupu, na mie nikatembea katikati kama mkaguzi.

Saa nne mvua ikaja. Haikuja kwa manyunyu, ilikuja kama mtu kapindua pipa. Kuku wanakimbia, watoto wanakimbia, wanawake wamejifunga kanga viunoni wanakunja majamvi na maji yake, mpunga unaelea unaingia mtaroni, mtu anateleza anakaa chini chwaa, mwingine anacheka, anayeanguka anamtukana anayecheka. Mie nilisimama chini ya upenu, mdomo wazi. Nilikuwa simwogopi Mama. Nilikuwa namshangaa yule mjamzito, kwamba kanidharau.

Mvua ikakatika ghafla kama ilivyokuja. Bi Chausiku akaja akasimama mbele ya nyumba yetu, maji yanamtiririka toka kichwani, mikono kiunoni, na wenzake nyuma yake.

"Bi Sikudhani! Bi Sikudhani, unanisikia? Mpunga wa mwanangu uko mtaroni! Tumelishwa mbingu ya ubao sie! Mtu kalala, katundika mbingu ukutani, anatuamuru. Kama umezeeka si useme umezeeka!"

Na hapo mmoja nyuma akaanza kuimba, mnajua tena watu wetu, huzuni haijakauka wimbo umeshatungwa:

"Bi Sikudhani kalala, mbingu kaitundika,
Wa kuanua hayupo, mpunga umelowika!"

Wengine wakapokea, na vicheko juu. Mie nikaingia ndani mbio. Bibi alikuwa kaketi wima kitandani. Hajawahi kuketi wima vile toka aanguke. Anasikiliza wimbo wake.

"Mke mwenzangu. Njoo hapa. Ulitazama nje leo?"

"Nilitazama."

"Uliona nini?"

Nikaanza kulia. "Mjamzito."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimfuta."

"Ulimfanyaje?"

Nikamwonyesha. Wakati huo Mama kashafika mlangoni, na Fundi Maganga nyuma yake. Fundi akasogea, akanusa picha, akatazama ile kona, akanitazama mie. Mama akavua kandambili. Bibi akainua mkono.

"Umwache. Fundi, lete taa." Fundi akaleta taa, Bibi akaitazama picha karibu, kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Anacheka! Anacheka mpaka tasbihi ikamdondoka. "Kamtoa mimba! Yarabi, mtoto wa miaka minane kamtoa mimba wingu!"

Fundi naye akapasuka. Mama peke yake hakucheka, kandambili bado mkononi. Na nje wimbo unaendelea, mbingu kaitundika, mbingu kaitundika.

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga. Angeweza kunipeleka barazani, akasema huyu hapa, ndiye aliyewadanganya, mie simo. Mtoto angechapwa, jina la mtu mzima lingesafishika, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilingoja aseme hivyo. Badala yake alisema, kama anajisemesha mwenyewe:

"Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na macho vilevile."

Akatupa shuka pembeni. Akashusha mguu mmoja sakafuni. Halafu ule wa pili, ule uliovunjika, mwembamba kama mchi. Mama akadondosha kandambili. Fundi Maganga akaruka, akainamisha bega lake ili ashikwe.

"Ondoka hapo Mnyamwezi," Bibi akasema. "Wewe umezoea mizigo. Mie si mzigo."

Akashika ukuta. Sijui niwaelezeje mwendo ule. Ukumbi wetu haukuwa mrefu, watoto tuliukimbia kwa pumzi moja, lakini siku ile ulikuwa mrefu kama njia ya Pugu. Hatua moja, anasimama. Nyingine, anapumua kwa mdomo. Jasho linamtoka puani. Mama anamfuata nyuma mikono wazi kama anayefukuza kuku, hamgusi. Mie natangulia kinyumenyume, sikutaka kumwondolea macho. Mguu ukamtetemeka pale kwenye kizingiti, nikasikia Mama anasoma bismillahi. Bibi akakishika kizingiti kwa mikono miwili, akakivuka, akatokeza barazani.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Bibi kasimama, kanga imemkaa upande, miguu miwili chini.

"Chausiku."

"Abee, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kosa langu. Si la mtu mwingine, langu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Na mpunga uliolowa hauliliwi, unakaangwa. Washeni moto. Ukaangeni vivyo hivyo na unyevu wake, mtwange pepeta. Mwali wako atatolewa kwa pepeta na nazi na sukari, na wageni wa Kisarawe watakwenda kusimulia."

Mwanamke mmoja akasema, "Lakini kweli, pepeta." Mwingine akasema mie nina nazi kumi. Bi Chausiku akaanza kulia na kucheka pamoja. Akapanda barazani akamshika Bibi mkono, na safari hii Bibi hakumfukuza mtu.

"Na uliobaki majumbani kwa watu, mama?" Bi Chausiku akauliza kwa adabu mpya. "Kesho tuanike?"

Watu wote wakainua macho naye. Bibi aliitazama mbingu. Ilikuwa imeoshwa, ina mawingu vipande vipande, mengine yanakwenda, mengine yamekaa. Alitazama upande wa baharini, alitazama upande wa Pugu. Alitoa shavu. Tulingoja mpaka shingo zikatuuma.

"Siijui," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bi Sikudhani hajawahi kusema neno hilo mbele ya mtu.

"Miezi yote hii sikuwapo. Siijui ya leo. Niwekeeni kigoda."

Fundi Maganga ndiye aliyekimbia kukileta. Bibi akaketi, mguu kaunyoosha mbele, na nyuma yake uani moto ukawaka, vikaango vikapandishwa, mchi ukaanza. Fundi alipewa mchi kwa nguvu, akaambiwa Mnyamwezi leo utajua ngoma ni nini, akatwanga mpaka mikono ikatoa malengelenge. Mie adhabu yangu ilikuwa kupepeta, siku mbili, mpaka sherehe. Mwavuli wa mwali nilibeba. Gauni lilikuwa na unga wa pumba, lakini nilibeba. Na pepeta ile, wenzangu, hata leo sijala nyingine iliyoishinda. Fundi alitaka kumrudisha mjamzito kwenye picha. Bibi akamkataza, akasema mwacheni apumzike, amezaa.

Lakini kilichokaa moyoni mwangu si sherehe. Ni alfajiri ya siku iliyofuata mvua ile. Niliamka kama kawaida yangu, nikaingia chumbani kwa Bibi kupokea kazi. Kitanda kitupu. Shuka limekunjwa. Nikakimbia mbele, na moyo wangu sijui ulikuwa unafurahi au unaumia, ulikuwa unafanya yote mawili. Bibi alikuwa barazani kwenye kigoda, kajifunika kanga mpaka kichwani, fimbo kaegemeza ukutani, uso kaelekeza baharini ambako palikuwa panaanza kupauka. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mgongo.

"Bibi, leo kuna nini?"

Hakunitazama hata kidogo.

"Sogea," akasema. "Unanizibia."